Farasi Jike Amebadilika Tabia: Ni Joto, Ni Maumivu au Ni Kitu Kingine?

Malalamiko ninayoletewa hapa Njoro huwa mafupi: "Huyu jike amekuwa mkali, nadhani ni joto." Anayesema hivyo huwa ameshamaliza uchunguzi wake. Jike akirusha teke, joto. Akikataa tandiko, joto. Akimbwaga mtu, joto. Nimetunza farasi kwa miaka mingi kati ya Njoro na Gilgil, na ninachokiona ni kwamba wengi wanaosingiziwa joto wanaumwa mahali fulani. Wanaendelea kuumwa kwa sababu sisi tulishaupa ugonjwa wao jina na tukaacha kutafuta. Ndiyo maana nitaanza na kalenda kabla ya kugusa dawa.

Hesabu siku kwanza

Mzunguko wa farasi jike ni siku 21, ukipungua au kuzidi siku mbili hivi. Joto lenyewe, yaani siku anazomtaka dume, huchukua siku 5 hadi 7. Siku 14 au 15 zinazobaki hataki dume hata kumwona. Siku za joto, kifuko chenye yai hukua kwenye ovari na kumwaga homoni ya estrojeni damuni. Yai hutoka siku moja au mbili kabla ya joto kuisha, na pale lilipotoka hujijenga tezi ndogo ya muda inayotengeneza homoni nyingine, projesteroni. Projesteroni ndiyo inayolizima joto. Kama mimba haikuingia, mji wa mimba hutoa homoni ya prostaglandini, tezi ile hufa, na mzunguko huanza upya.

Vitabu vingi tunavyosoma viliandikwa Ulaya na Marekani, ambako majike hupumzika majira ya baridi kwa sababu mchana hufupika na mwili wao husoma mwanga. Sisi wa Nakuru tuko karibu kabisa na ikweta, na mchana wa Juni hautofautiani na wa Desemba ila kwa dakika chache. Jike wetu aliyeshiba huzunguka mwaka mzima. Anayekwambia usubiri msimu upite anakusubirisha bure. Hapa kwetu kinachosimamisha mzunguko mara nyingi ni njaa. Nyasi zikikauka Januari na Februari, jike aliyekonda hadi mbavu zikahesabika anaweza kukaa wiki nyingi bila joto. Mvua ya masika ikinyesha na mwili ukirudi, huenda joto la kwanza likawa refu na la kuyumba, mpaka yai litoke ndipo mzunguko ushike mwendo wake.

Chukua daftari, uandike kila siku kwa wiki 9, yaani mizunguko mitatu. Gawa ukurasa safu mbili. Safu ya kwanza ni dalili za joto: ameinua mkia na kuuweka kando, amechuchumaa, anakojoa kidogo kidogo, midomo ya uke inafunguka na kufumba, anamsogelea dume au hata mahasi (dume aliyehasiwa) aliye ng'ambo ya ua. Safu ya pili ni kile kinachokusumbua: teke, kung'ata, kugoma, kupiga mkia kazini. Ukiweza, safu ya kwanza ijazwe na saisi wa bandani na ya pili ijazwe na anayempanda, bila kuoneshana. Mtu aliyetupwa asubuhi ataona joto hata pasipo joto.

Andika pia siku aliyopigwa viatu, aliyochanjwa, aliyobadilishiwa tandiko, na siku farasi mgeni alipoingia. Baada ya wiki hizo 9, angalia kama safu hizi mbili zinakwenda pamoja. Zisipokwenda pamoja, achana na homoni.

Kuna kosa moja nakutana nalo karibu kila boma. Jike analaza masikio, anapiga kelele na kumrushia dume teke, na watu wanasema yuko kwenye joto. Ni kinyume chake. Aliye kwenye joto humkaribisha dume, na anayemfukuza mara nyingi yumo katika zile siku 14 zake za utulivu.

Anabadilika kila baada ya wiki tatu, kisha anatulia

Huyu ndiye mwenye joto kweli, na ndiye rahisi kuliko wote. Hana ugonjwa. Majike wengi hufanya kazi vizuri siku zote za joto, ila mawazo yao huhama kidogo. Mtoe kwenye banda lililopakana na dume. Mwongezee muda wa kutembea kabla ya kazi nzito. Siku hizo usimpe mpandaji anayejifunza, wala usimpeleke kutembeza watoto sikukuu, maana pale umati na farasi wengine humchanganya zaidi. Angalia pia debe la chakula. Jike anayelishwa mahindi na shayiri kama wa mashindano ilhali anasimama bandani siku tano kwa wiki atakuwa na vurugu, joto liwepo lisiwepo.

Wapo wachache ambao yai linapokaribia kutoka huumwa kweli. Kwa siku moja au mbili utaona anageuka kuutazama ubavu, hataki kuguswa kiuno, mguu wa nyuma unakuwa mzito, pengine anajilaza kama mwenye msokoto wa tumbo. Kama hali hii inarudi kwa tarehe, mwite daktari wa mifugo siku yenyewe inapotokea, siyo wiki inayofuata, ili apime ovari kwa ultrasaundi na kuona kama kifuko cha yai kimejaa. Akithibitisha, atakupa dawa ya maumivu ya siku hizo chache tu.

Anang'ata na kurusha teke mkanda wa tandiko ukikazwa

Hapa nina deni la kulieleza, kwa sababu nililipa kwa mgongo wa farasi wangu.

Nilikuwa na jike wa rangi ya kahawia, mpole tangu siku aliyofika. Akaanza kulaza masikio nikileta tandiko. Baadaye akawa anang'ata hewa mkanda ukikazwa, na mwishowe akawa anaruka tukianza kwenda mbio. Mimi nikasema joto. Mzee saisi wetu alinivumilia kwa muda, kisha siku moja akaweka ndoo chini.

"Mama, Jumatatu ulisema ana joto. Alhamisi ukasema ana joto. Leo tena joto. Hili ni joto gani lisilokwenda nyumbani?"

"Sasa mzee, wewe unaona nini?"

"Mimi naona tandiko."

Akamshika jike, akapitisha vidole viwili taratibu kando ya uti wa mgongo. Palipokuwa nyuma ya bega jike aliinama kama aliyechomwa. Tukaligeuza tandiko, tukalikunja kwa magoti: mbao ya ndani ilikuwa imevunjika. Aliyeniuzia alisema limetumika kidogo tu. Miezi yote ile nilikuwa namkalia kwenye mfupa.

Kwa hiyo jike akichukia mkanda, fuata njia hii. Mpande dakika 40, umtoe tandiko, utazame jasho. Penye kubanwa sana huwa pakavu katikati ya jasho. Nywele nyeupe zilizoota mabegani ni kumbukumbu ya jeraha la tandiko. Likunje tandiko lenyewe usikilize kama linalia. Bonyeza mgongo pande zote mbili. Tazama kwapa na mahali mkanda unapopita, kwa sababu kupe na vidonda vya msuguano hukaa huko.

Mgongo ukiwa mzima, fikiria vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutengeneza asidi usiku na mchana, awe anakula au hali, na mate ya kutafuna ndiyo yanayoipoza. Farasi anayelishwa pumba na nafaka asubuhi na jioni, na katikati akasimama kwa muda wa saa nane bila nyasi, anaungua ndani. Dalili zake ni zilezile tunazoziita joto: kuchukia mkanda, hasira, kuacha chakula cha nafaka, kukonda, kugoma kwenda mbele. Daktari huhakikisha kwa kamera ndefu inayofika tumboni, na matibabu yaliyozoeleka ni omeprazoli kwa wiki nne hivi. Lakini hata kabla ya kamera, mpe nyasi kavu za kutosha kutwa nzima, za boma rhodes au nyinginezo, umpunguzie nafaka, na umpe lusani kidogo kabla ya kumpanda. Ni nadra farasi kuumia kwa mabadiliko hayo.

Meno nayo yana sehemu yake. Anayerusha kichwa lijamu ikivutwa, achunguzwe kinywa kabla hajasemwa vibaya.

Anakojoa kidogo kidogo kila siku

Kama ni kila siku bila kukoma, si joto la kawaida. Maambukizi ya kibofu au ya uke, au mawe kibofuni, humfanya ajikamue mara kwa mara, na mkojo waweza kuwa na damu au harufu kali. Jike aliyezaa mara nyingi midomo ya uke hulegea na kuinama, hewa na kinyesi huingia, na wakati mwingine utasikia sauti ya hewa akikimbia. Huyo hushonwa sehemu ya juu na daktari, upasuaji mdogo anaofanyiwa akiwa amesimama.

Mwangalie pia chini ya mkia na katikati ya chuchu. Kupe hupenda hapo, na uchafu mweusi wa nta hujikusanya kati ya chuchu mpaka jike anasugua mkia ukutani. Nimeona jike aliyepangiwa dawa ya homoni akapona kwa maji ya vuguvugu, kitambaa na dakika kumi.

Halafu kuna woga. Jike mchanga akikaripiwa au akiletwa kwenye kundi jipya huchuchumaa na kudondosha mkojo kwa hofu. Tofautisha kwa mwelekeo wake: mwenye joto husogea karibu na hutulia, mwenye woga hujikunyata, hubana mkia na kutaka kuondoka. Ukimpiga huyu ukidhani anakaidi, utampa sababu ya kuogopa kweli.

Anajifanya dume

Anapanda majike wenzake, anawachunga kama kundi lake, shingo inanenepa, anapigana na mahasi, anapiga kelele kama dume. Hii ni dalili nzito na isikae wiki kadhaa kwenye daftari.

Uvimbe wa ovari wa aina inayotoa homoni ndio unaofikiriwa kwanza. Kwa kawaida hushika ovari moja na mara nyingi hausambai. Ovari yenye uvimbe huwa kubwa, na ile nyingine husinyaa kwa sababu homoni ya uvimbe inaizima. Si wote wanaogeuka dume: wengine huacha joto kabisa, wengine hukaa kwenye joto lisiloisha. Daktari hupapasa kupitia njia ya haja kubwa, hupiga ultrasaundi, na hupima homoni za AMH, inhibini na testosteroni katika damu. Tiba ni kuitoa ovari ile. Iliyobaki huamka taratibu, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, na jike anaweza kuzaa tena. Kwa upasuaji wa namna hii muulize daktari wako akuelekeze. Njoro tuna kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Egerton, na Kabete kuna kile cha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kabla ya uvimbe kuna swali jepesi zaidi: ana mimba? Katikati ya mimba ya siku 340 hivi testosteroni ya jike hupanda, kwa sababu ya viungo vya uzazi vya mtoto aliye tumboni, na wapo wanaopandwa na hasira za kidume kwa miezi kadhaa. Wapo pia wenye mimba wanaoonesha dalili za joto. Ua likiwa bovu na dume wa jirani akiwa mjanja, usiape kwamba hana mimba.

Haonyeshi joto kabisa, na ana hasira

Mimba tena, kisha njaa, kisha ile tezi ya projesteroni iliyokataa kufa na kukaa miezi miwili au mitatu. Hii ya mwisho hutatuliwa kwa sindano ya prostaglandini, na hapo naomba usikimbilie duka la dawa. Sindano hiyo ikimpata jike mwenye mimba changa, mimba inatoka. Apimwe kwanza kwa ultrasaundi, ambayo huweza kuonyesha mimba kuanzia siku ya 14 hadi 16. Na mwanamke mjamzito au mtu mwenye pumu asiishike dawa hiyo hata chupa.

Kalenda imekubali: ni joto, na halivumiliki

Dawa inayoaminika ni altrenojesti, projesteroni ya kutengenezwa, ya kumwagwa mdomoni au kwenye chakula kila siku. Ile ya miligramu 2.2 kwa mililita hupimwa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito, na joto huzimika ndani ya siku 3 hivi. Naipenda kwa sababu nyingine pia: inatoa jibu. Mpe kwa mwezi mmoja chini ya daktari. Tabia ikibaki ileile wakati joto limezimwa, basi homoni hazikuwa na hatia, urudi kwenye tandiko, tumbo na miguu.

Sasa sikilizeni, hasa dada zangu mnaofanya kazi mabandani. Altrenojesti hupenya ngozi. Huvuruga hedhi na inaweza kudhuru mimba. Mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, asiiguse, wala asioshe ndoo iliyochanganyiwa dawa. Glovu zile nyembamba za mpira wa kawaida hazitoshi; tumia za nitrili au vinili. Ikikudondokea, osha mara moja kwa sabuni. Mwajiri anayemkabidhi msichana wa bandani bomba la dawa hii bila kumwambia haya anamkosea sana.

Kuna mambo yanayouzwa ambayo hayasaidii. Jike mmoja wangu aliwahi kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama, ile ya miezi mitatu, na mtu aliyejiita mtaalamu. Nililipa, joto likaja siku yake kama kawaida. Baadaye nikajifunza kwamba dawa iliyomo, medroksiprojesteroni, imejaribiwa kwa majike na haizuii joto lao, na baadhi ya farasi wamedhurika vibaya baada ya kuchomwa. Vipandikizi vya ng'ombe vya chini ya ngozi navyo ni hivyohivyo. Goroli ya kioo ndani ya mji wa mimba ilivuma wakati fulani. Inafanya kazi kwa baadhi tu, huweza kuvunjika au kusahaulika ndani, na madaktari wengi wameiacha.

Njia iliyo na mantiki kwa jike asiyezalishwa ni sindano ya homoni ya oksitosini: uniti 60 kwenye msuli kila siku, kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 baada ya yai kutoka, au siku 29 mfululizo kama tarehe ya yai haijulikani. Kwa wengi tezi ya projesteroni hudumu zaidi ya mwezi. Si kwa jike aliye karibu kuzaa, na si bila daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo.

Na kutoa ovari zote mbili? Watu hudhani hiyo ndiyo tiba ya mwisho. Joto la jike linazuiwa na projesteroni, na projesteroni inatoka kwenye ovari. Ukiziondoa zote, tezi zilizo juu ya figo bado hutoa estrojeni kidogo, na hakuna cha kuizuia. Baadhi ya majike waliotolewa ovari humkubali dume siku yoyote, hata hutumiwa kwenye vituo vya kukusanya mbegu kwa sababu hiyo. Fanya hivyo kwa uvimbe, au kwa maumivu ya ovari yaliyothibitishwa.

Kwa wenye punda

Wavuta mikokoteni wa Naivasha na Nakuru huniuliza kama haya yanawahusu. Mengi, ndiyo. Punda jike huzunguka kwa siku 23 au 24 hivi, hubeba mimba karibu miezi 12, na joto lake lina alama usiyoweza kuikosa: anachezesha taya, akifungua na kufunga kinywa huku shingo ameinyoosha na masikio ameyarudisha nyuma. Anayefanya hivyo hana wazimu wala hakulishwa kitu kibaya. Kidonda cha hatamu na cha nira kitafute kwanza, kama vile mwenye farasi anavyotafuta tandiko.

Siku ambayo daftari lifungwe

Jike anayegaagaa, anayetoka jasho akiwa amesimama, asiyetoa kinyesi, anayekojoa damu, anayetoka usaha ukeni, au mwenye mimba ambaye chuchu zinadondosha maziwa kabla ya wakati, hana muda wa kusubiri siku 21. Mpigie daktari, na kabla hajauliza uwe umeshapima: mapigo ya moyo ya farasi mzima aliyepumzika ni 28 hadi 44 kwa dakika, joto la mwili ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Mapigo unayapata chini ya taya, mahali mshipa unapovuka mfupa. Weka vidole viwili, siyo kidole gumba, uhesabu sekunde 30, uzidishe mara mbili.